Wenzangu wa Tanga, mafuta yakimwagika baharini sisi wa pwani tunaanza na lipi?

mvuvi_chongoleani
Salaam wakuu. Mi niko upande wa Chongoleani, tangu jiwe la msingi la lile bomba la mafuta ghafi toka Uganda liwekwe huku Agosti 2017 tumesikia mengi, ajira, fidia za mashamba, barabara, ila swali langu moja sijapata wa kunijibu vizuri. Meli zikianza kupakia hapa alafu siku moja ikatokea ajali, mafuta yako nje ya kisiwa cha Ulenge yanakuja na maji, tuna masaa sita labda siku mbili, sisi wenye ngalawa na madema, kina mama wa mwani, watu wa chumvi, tunashika nini kwanza? Sisemi itatokea, namuomba Mungu atuepushie, ila marehemu baba alinizoesha kushusha tanga wingu likiwa bado mbali. Kile kijito chetu cha mikoko ndo kaa, ndo uduvi, ndo ada za watoto. Juzi kijiweni mmoja akasema tunamwaga sabuni ya unga yanayeyuka, mwingine akasema tukate mikoko ya mbele tuipange iwe ukuta. Sijalala vizuri tangu nisikie hayo majibu. Mwenye kujua aseme jaman.

nahodha_wa_sahare
Waalaikum salaam mwanangu. Mimi nimekwenda na majahazi Tanga na Pemba miaka mingi, ntakupa la bahari, ya kitaalam watakuja wenyewe. Mafuta yanaelea kwaiyo yanafuata upepo na mkondo kama kifuu. Wanaopima wanasema upepo unayasukuma kwa kama asilimia 3 ya kasi yake, yani upepo wa kilomita 20 kwa saa unayapeleka mita 600 hivi kwa saa, juu ya hapo weka mkondo, na ule mkondo mkubwa wa nje kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Sasa ikiwa kusi, upepo wa kutoka kusini, wajiandae zaidi wenzetu wa Mkinga, Moa kule mpaka mpakani. Ikiwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini unayabana kwetu na yanaweza kushuka Mwambani mpaka Kigombe. Tanga mbili, ule msimu wa kati pepo zinapobadilika, ndo tabu, asubuhi umande, upepo wa kutoka nchi kavu, unayatoa nje unasema alhamdulillah, jioni yamerudi yote.

Na uangalie mwezi. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapanda mpaka mikoko ya nyuma kabisa, yakipwa yanayaacha mafuta kule juu kwenye tope na hayaguswi tena mpaka bamvua ijayo. Maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, yanaishia ukingoni, hapo mnayafikia kwa karai. Kwaiyo siku hiyo kabla hamjakimbilia chepe na ndoo mwamsheni mzee anayejua maji yanajaa saa ngapi.

mikoko_na_matumbawe
Mkuu, sabuni HAPANA kabisa. Sabuni haiyaondoi mafuta, inayakatakata yanazama kwa samaki na mayai yao na matumbawe. Zipo dawa maalum za kutawanya mafuta lakini zinapigwa kwa kibali, kwenye maji marefu, siyo kwenye kijito cha maji ya kiunoni. Na kukata mikoko ni kujimaliza wenyewe. Ile mizizi ya mkoko aina ya mchu inayochomoza kwenye tope kama vidole ndo pua zake, ikipakwa mafuta mti unakosa hewa unakufa taratibu, na ndicho kilichoipata mikoko ya Makupa pale Mombasa mwaka 1988. Alafu msiingie mle kukanyagakanyaga mkidhani mnasafisha, kila hatua inayashindilia chini na yakishaingia kwenye lile tope yanakaa miaka.

Jua pia ni mafuta gani. Haya ya Hoima, kule Uganda, yana nta nyingi, ndo mana bomba lote, kilomita 1,443, linapashwa moto njia nzima kufika nyuzi 50 na zaidi, yakipoa yanaganda. Bahari yetu ni nyuzi 25 mpaka 30 hivi, kwaiyo yatakayowafikia huenda yakawa mabonge kama samli iliyolala, siyo ule utando wa rangi rangi mnaouona pale Deep Sea boti ikivujisha dizeli. Bonge unaweza kulikusanya na wavu wa matundu madogo. Dizeli inaruka hewani upesi ila mvuke wake unauma kichwa na unashika moto, hiyo msisogelee. Mafuta mazito ya injini za meli kubwa yananata kama lami.

Mi kilichonifungua macho ni Mauritius 2020. Meli ya mizigo, Wakashio, ilipanda mwamba tarehe 25 Julai, mafuta yakaanza kuvuja 6 Agosti. Siku 12 meli imekaa pale watu wanaiangalia! Yalipoanza kutoka, kama tani 1,000, watu wa Mahébourg na vijiji vya jirani wakashona mifuko mirefu wakaijaza majani makavu ya miwa, wakafunga chupa tupu za plastiki ielee, wakaitandaza baharini wenyewe. Wengine walikata mpaka nywele zao wakachangia. Sisi tuna makumbi na usumba, tuna makapi ya mkonge yanatupwa tu mashambani, tujaribu sasa hivi kwenye ndoo tuone lipi linanyonya na lipi linazama. Ila nisikudanganye, uzio wa hivyo unafaa maji yakiwa yametulia. Mkondo ukizidi kilomita 1.3 kwa saa, mwendo wa mtu anayejikokota, mafuta yanapita chini yake, na kijito kikiwa kinakupwa kinakimbia kuliko hapo. Kwaiyo uzio usiukatishe mlango wa kijito moja kwa moja, uweke mshazari, uyaongoze mafuta yaende ukingoni penye maji yaliyolala, mkayachotee hapo.

kijana_raskazone
Wakuu mi naona mnawatisha wazee bure. Mradi una wataalam na vifaa, na serikali ipo. Hii siyo kazi ya mvuvi.

mikoko_na_matumbawe
@kijana_raskazone mdogo wangu hakuna anayemnyang'anya mtu kazi. Mpango wa taifa wa umwagikaji wa mafuta baharini uko chini ya TASAC, shirika la serikali la meli, na ndo wa kupewa taarifa mapema, pamoja na bandari na NEMC, baraza la mazingira, na hakuna mtu kwenda baharini kivyake bila kuambiwa na wanaoongoza zoezi. Lakini mtaalam akishuka kwenye gari hajui kijito kina midomo mingapi wala wapi kaa wanazalia. Hilo anamuuliza nani kama siyo huyu aliyeleta swali?

mama_mwani_mkinga
Hamjambo wanangu. Mi nalima mwani, ndo ninachokijua. Mwani unakaa kama siku 45 mpaka kuvuna, sasa mkisikia habari na kamba zako zina mwezi usisubiri ukomae, vuna wote, kamba zipandishe nchi kavu, anika mbali juu kabisa maana mwani ukishapata mafuta hakuna wa kuununua. Hasara ya nusu mwezi utaibeba, ya shamba zima huibebi. Mwenye chumvi azibe mageti yake maji ya bahari yasiingie, mwenye mabwawa ya samaki wa mwatiko vilevile. Madema na nyavu zitoke majini zote, ngalawa zivutwe juu.

Alafu hili watu hawaliwazi, fagieni ufukwe KABLA mafuta hayajafika. Magogo, chupa, mwani mkavu, makuti, yote pandisheni juu ya alama ya bamvua. Maana taka ikishalowa mafuta siyo taka tena ni mzigo wa sumu, kiroba kimoja kinakuwa viroba kumi na hamna pa kukitupa. Vitakavyolowa viwekwe pamoja, chini pana turubai, msichome msifukie.

Mimi mwenyewe kuna mwaka vidonge vya lami vililetwa na maji ufukweni kwetu, hatukujua vimetoka meli gani, nikavikanyaga pekupeku nikajisugua na mafuta ya taa. Ngozi ya kisigino ilichubuka wiki mbili sendi shambani. Kumbe unapaka mafuta ya kula, unafuta, ndo unaosha na sabuni ya kawaida. Kwaiyo gambuti na glavu, mkae upande upepo unakotoka, na wajawazito na watoto wasiwepo kabisa hata wakilia.

karani_wa_bmu
Naongeza la karatasi kwa sababu lilituumiza. Kuna meli ilitupitia usiku ikakata nyavu za watu saba, tulidai tukaambiwa leteni ushahidi, hatukuwa na daftari wala risiti, hatukupata hata mia. Sasa kwa meli ya kubeba mafuta ghafi upo mfuko wa kimataifa wa fidia wa mkataba wa 1992, ofisi zake ziko London, na Tanzania imo. Unalipa gharama za kusafisha na kipato cha mvuvi au mkulima wa mwani kilichopotea. Lakini hauhusu tanki wala bomba la nchi kavu, hapo mnarudi kwenye sheria za nchi. Na una muda wake, miaka 3 tangu upate hasara, na ikipita miaka 6 tangu ajali hata kesi haipokelewi. Kwaiyo kuanzia wiki hii kila chombo kiandike kilo, bei na tarehe, kina mama waandike kilo za mwani mkavu, na mpige picha kijito, ufukwe na mashamba vikiwa visafi hivyo hivyo, simu inaweka tarehe yenyewe. Picha za baada ya mafuta kila mtu atakuwa nazo, za kabla ndo hazipatikani.

mvuvi_chongoleani
Wakuu nashukuru kwa moyo wote, shikamoo nahodha, shikamoo mama. Nimewasomea kijiweni neno kwa neno, yule wa sabuni amekubali na yeye ndo kajitolea kuleta makumbi. Tumekubaliana daftari linaanza kesho kwa mwenyekiti wetu wa BMU, kikundi chetu cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, na Jumamosi tunakwenda kupima mlango wa kijito kwa kamba tujue uzio uwe mita ngapi, maji yatakuwa mafu kwaiyo ni rahisi kuvuka.

nahodha_wa_sahare
Marhaba. Jumamosi msipime, subirini bamvua. Kwenye maji mafu mlango mtauona mwembamba, mtashona uzio mfupi, na siku maji yakipanda yatauzunguka pembeni.