Mjadala: Taarifa za mwendo wa mabasi ya Tabora na Kigoma zimwadhibu dereva au zitengeneze barabara?

Mleta mada, Tabora

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Tabora, na kila likizo husafiri kwa basi kwenda Kigoma kuwaona wazazi wangu. Barabara hii nimeijua tangu enzi za vumbi, na nimeshuhudia lami ikisogea kipande kwa kipande kupitia Urambo na Kaliua, ikavuka mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete na kuelekea Uvinza. Hakuna anayetamani kurudi kwenye vumbi. Hata hivyo, pale lami ilipokamilika mwendo umeongezeka kuliko watu na mifugo wa kandokando walivyouzoea, na hilo ndilo linalonifanya nilete hoja hii.

Mwezi Juni mwaka jana, tukiwa kati ya Urambo na Kaliua, dereva wetu alishika breki ghafla mpaka mizigo ya juu ikatuangukia. Mbele yetu alikuwa mzee anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, naye alikuwa juu ya lami kwa sababu bega la barabara mahali pale limemomonyoka kiasi kwamba tairi la baiskeli yenye mzigo haliwezi kushuka wala kupanda. Basi lilisimama hatua chache nyuma yake, utingo akafoka kidogo, safari ikaendelea, na baada ya dakika kumi nusu ya abiria walikuwa wamelala tena. Tukio hilo halimo katika daftari lolote la polisi, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Siku mzee mwingine atakapogongwa pale pale, tutaandika kwamba chanzo ni uzembe wa dereva, na bega la barabara litabaki lilivyo.

Wenzetu wa Marekani walilitazama jambo hili kwa namna inayonivutia. Badala ya kusubiri ajali na kuwahoji walionusurika, walifunga kamera, rada na vipima mwendo katika magari ya watu wa kawaida, wakawaacha waendeshe kama siku zote. Utafiti wa kwanza mkubwa wa aina hiyo ulifanywa na taasisi ya usafiri ya Chuo Kikuu cha Virginia Tech, ukiwa na magari 100 yaliyofuatiliwa kwa takriban mwaka mzima, na ripoti yake ikatoka mwaka 2006. Wakihesabu kila mgusano, hata wa tairi na ukingo wa barabara, walipata ajali 82, ambazo 15 tu ndizo zilizoripotiwa polisi, na matukio ya nusura ajali yalikuwa 761. Baadaye, kati ya mwaka 2010 na 2013, ukafuata mradi mpana uitwao SHRP 2, wenye madereva zaidi ya 3,000 katika majimbo sita. Sambamba nao, gari maalumu lilipita karibu kilomita 20,000 za barabara likipima ukali wa kona, miinuko, upana wa njia, mabega na alama, na vipimo hivyo vikatunzwa katika Chuo Kikuu cha Iowa State. Kwa hiyo mtafiti anaweza kuuliza swali ambalo daftari la polisi haliwezi kulijibu: kwenye kona yenye ukali huu na bega la upana huu, madereva hukanyaga breki ghafla mara ngapi kwa kila magari elfu yanayopita salama?

Sisi tayari tuna nusu ya kifaa. Mabasi ya safari ndefu yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari unaosimamiwa na LATRA, yaani mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na mfumo huo hutuma mahali basi lilipo na mwendo wake, na kila dereva anatakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake. Leo taarifa hizo zinajulikana kwa kazi moja, nayo ni kumnasa aliyezidisha kilomita 80 kwa saa. Hoja yangu ni kwamba taarifa hizo, zikiongezewa kamera ya mbele na kipimo cha mshtuko wa breki, zitumike kwanza kuitafuta barabara mbovu, na zitengwe kabisa na adhabu ya dereva. Naomba michango yenu.

Mchangiaji wa Urambo, dereva wa basi

Mwalimu, nakuheshimu, na huyo mzee wa mkaa ninamfahamu kwa sababu wapo wengi kama yeye kila asubuhi. Lakini ruhusu niseme jambo ambalo abiria halioni. Tajiri mmoja niliyemfanyia kazi zamani alifunga kamera akituambia ni kwa ajili ya usalama wetu, ili tukigongwa tuwe na ushahidi. Mwezi wa pili tu, kamera hiyo hiyo ikatumika kunikata posho kwa sababu ilinionyesha nimesimama Kaliua dakika kumi na tano zaidi ya ratiba. Nilikuwa nimesimama kwa sababu macho yalikuwa mazito na mwenzangu wa zamu alikuwa na homa. Tangu siku ile niliendesha nikiwa nimechoka ili kamera isione kwamba nimepumzika. Nakuuliza, kifaa hicho kilizuia ajali au kilinisogeza karibu nayo?

Jambo la pili ni la usiku. Tangu mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku mwaka 2023, ugumu wa barabara hii umekuwa mwingine. Lori likiharibika, dereva wake hukata matawi na kuyatandaza barabarani, na mwenye pembetatu ya kuakisi mwanga ni wa kumshukuru. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde, na matawi mabichi usiku yana rangi ya lami, kwa hiyo ninapoyatambua sina nafasi ya kufikiri bali ya kukwepa tu. Mfumo wa sasa utasema nilikuwa ndani ya mwendo unaoruhusiwa, basi umemaliza. Kuhusu matawi hautasema lolote.

Mchangiaji wa Kasulu

Nimewasoma wote wawili kwa makini, na nakubaliana nanyi kwa sehemu. Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda, na amelazwa mara mbili kwa ajali ambazo hakuna basi lililohusika wala lililopita karibu. Wasiwasi wangu ni kwamba mkikusanya taarifa kutoka kwenye kiti cha dereva wa basi, mtaiona barabara kama basi linavyoiona, yaani mtembea kwa miguu, mchunga ng'ombe, mwendesha baiskeli na bodaboda wote watakuwa vikwazo vinavyomlazimisha mtu kushika breki. Hata utafiti huo wa Marekani alioutaja mwalimu ulihusu madereva wa magari madogo ya binafsi. Haukufunga kamera kwenye pikipiki wala malori makubwa, na barabara zao hazina punda wa maji alfajiri. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 kutokana na taarifa zao ulionyesha kwamba katika takriban ajali saba kati ya kumi dereva alikuwa na kitu kinachomshughulisha, simu ikiwa mojawapo. Naogopa kwamba mtu atalinukuu jambo hilo mkutanoni Kigoma, wote watikise vichwa, kisha tuletewe mabango ya kukataza simu, ilhali anayekufa kwetu mara nyingi alikuwa anatembea pembeni akirudi kutoka shambani.

Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kununua kamera hata moja, yachukuliwe madaftari ya majeruhi katika hospitali za wilaya na vituo vya afya, na wenyeviti wa vijiji waulizwe. Huku ndiko waliko wale ambao basi haliwaoni.

Mchangiaji wa Kaliua

Mimi ni mfupi wa maneno. Pale ambapo watu hufa tunapajua sote, hata mtoto wa darasa la tatu atakuonyesha. Kinachokosekana ni fedha za kujenga bega la barabara, taarifa tunazo. Fedha za kamera zijenge bega.

Mleta mada, Tabora

Nianze na ndugu wa Kaliua, kwa sababu hoja yake ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Ni kweli tunapajua pale ambapo damu imemwagika. Hata hivyo, kifo kimoja mahali fulani hakituambii kama mahali hapo ni hatari kuliko pengine au kama ilitokea siku mbaya tu, na vifo kwa kipande cha kilomita moja ni vichache mno, tunashukuru, kiasi kwamba ingebidi kusubiri miaka mingi ili picha ionekane. Hapo ndipo nusura ajali zinaposaidia, kwa kuwa ni nyingi, zinatokea kila wiki, na hazihitaji mtu afe ndipo zihesabiwe. Aidha, desturi yetu ni kwamba mtoto akigongwa kijijini, wananchi hukasirika, linawekwa tuta, na suala linahesabiwa limekwisha. Ni mara ngapi tumewahi kupima kama tuta hilo limepunguza hatari au limeihamishia mita 300 mbele, ambako magari sasa yanakimbia ili kufidia muda? Taarifa za kabla na baada ya tuta zingetujibu kwa miezi michache. Na bega la barabara haliwezi kujengwa lote kwa mwaka mmoja, hivyo lazima mtu aamue lianzie wapi, na leo uamuzi huo unafuata sauti ya aliyepiga kelele zaidi.

Dada wa Kasulu amenirekebisha, nami nimekubali. Nilikuwa nimelitazama jambo hili kupitia kioo cha mbele cha basi, kwa sababu ndimo ninamokaa. Hata hivyo, naomba tusiitupe kamera ya mbele, kwa kuwa ni yenyewe itakayomwonyesha mzee wa mkaa akiwa juu ya lami na kuonyesha ni kwa nini yuko juu ya lami. Wachambuzi wa Marekani waligundua kwamba kipimo cha mshtuko peke yake hudanganya: gari likiruka shimo au kupanda tuta, kifaa hudhani dereva ameshika breki ya hatari, na ndiyo maana iliwabidi watu wakae na kutazama picha tukio kwa tukio ili kutenganisha nusura ya kweli na ya uongo. Kwetu, penye matuta mengi namna hii, bila picha tungejaza kompyuta habari za matuta. Madaftari ya hospitali yatatuambia nani aliumia, na kamera itatuambia barabara ilikuwaje sekunde chache kabla. Kimoja hakitoshi bila kingine.

Mchangiaji wa Kigoma Ujiji

Ningependa kuongeza upande wa sheria, kwa kuwa naona unapitwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mojawapo ya misingi yake ni kwamba taarifa ya mtu hukusanywa kwa lengo lililotajwa, na haitumiki kwa lengo jingine lisilopatana na hilo. Yaliyompata ndugu dereva, yaani kamera kufungwa kwa jina la usalama kisha kukata posho, ndiyo hasa mambo ambayo msingi huo unakusudia kuyazuia. Katika mradi wa SHRP 2, madereva walitia saini ya kuridhia, na picha za nyuso zao haziwezi kuchukuliwa na mtafiti yeyote kwenda nazo nyumbani, bali hutazamwa ndani ya vyumba vyenye ulinzi. Sisi tusipoweka utaratibu kama huo tangu mwanzo, tusishangae vifaa vikianza kuharibika kila wiki bila sababu.

Lakini siafiki kutenga kabisa taarifa na adhabu, kama mwalimu anavyotaka. Dereva akipita katikati ya kijiji, ambako mwisho ni kilomita 50 kwa saa, akiwa kwenye 95, mnataka mtafiti alione hilo na anyamaze? Hapo mnamlinda nani?

Mleta mada, Tabora

Swali lako ni zito, na sitalikwepa. Mfumo uliopo wa mwendo ubaki kama ulivyo na uendelee kuadhibu, kwa sababu mwendo wa kupita kiasi ni kosa linalojulikana na kila dereva analijua kabla hajawasha gari. Ninachotaka kitengwe ni kile kipya, yaani picha na mishtuko ya breki. Hivyo vipelekwe kwa chombo kisicho na mamlaka ya kutoza faini wala uhusiano na tajiri, kiwe chuo au ofisi ya takwimu, na TANROADS, wakala wa barabara, ipewe mahali na idadi bila jina la dereva wala namba ya gari. Najua kwamba kwa kufanya hivyo picha za makosa kadhaa zitapita bila adhabu. Nimelipima hilo, na bado naona ni afadhali kuliko kamera inayomfanya dereva aogope kusimama akisinzia.

Mchangiaji wa Urambo, dereva wa basi

Mwalimu, kamera ya mbele nitaikubali hata kesho, na nitawaomba wenzangu waikubali, mradi karatasi ya makubaliano isomwe kwetu kwa Kiswahili na nakala moja ibaki kwa chama cha madereva. Ya kunitazama usoni siikubali kwanza. Nionyesheni bega la barabara lililojengwa kutokana na picha za ile ya mbele, hata kama ni mita 500 tu pale kwa wauza mkaa, kisha mje tuzungumze habari ya uso wangu.