Tupeane uzoefu: mliokuwa Hispania enzi za Sálvame, ilikuwaje kwenu?

MKAAZI WA USERA
Habari zenu wakuu. Nimechokozwa na kisa cha wale wale wa Sálvame, kile kipindi cha umbea cha kituo binafsi cha Telecinco, kupewa nafasi kwenye televisheni ya taifa, La 1, Mei 2025, na Juni hiyo hiyo kipindi chao kipya kikafungwa. Basi miaka ile ya Telecinco ikanirudia yote. Saa kumi alasiri mpaka saa mbili usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, mtangazaji Jorge Javier Vázquez katikati, na wenzake wamemzunguka wanapigiana kelele juu ya ndoa za watu. Kilianza Aprili 2009, kikazimwa 23 Juni 2023. Sisi tuliokuwa tunalea wazee majumbani, nani alikikwepa?

Naomba kila mtu aseme alikuwa wapi, alikitazama na nani, na kilimfanya nini. Mimi kilinisaidia kuvumilia. Nyumba niliyokuwa nafanya kazi hakuna aliyenisemesha isipokuwa kuniagiza. Zile sauti za Telecinco ndizo zilizonifanya nihisi kuna watu.

BINTI WA LIKONI
Umenikumbusha mbali dadangu. Ni kweli kabisa.

MKIMBIAJI
Sisi wanariadha wakala alitupangia nyumba moja, mji mdogo, asubuhi mazoezi, mchana kupumzisha miguu. Pesa ya intaneti hatuna, televisheni ipo. Kihispania changu cha kwanza kilitoka pale, na mwalimu wangu ni Belén Esteban. Yule dada anaongea kama mtu wa sokoni, sentensi fupi, analirudia neno mpaka likuingie. Alizaa na Jesulín de Ubrique, yule mpigana na mafahali, wakaachana, na kuanzia hapo kazi yake ikawa kuyasimulia maisha yake mbele ya kamera. Aliposema "yo por mi hija mato", kwamba kwa ajili ya binti yangu naua, nchi nzima ikalidaka. Wahispania wenyewe walimwita binti mfalme wa wananchi. Wanawake wa mtaa wetu walimpenda kwa sababu alilia kama wao wanavyolia, bila kujipangusa vizuri.

NAHODHA
Mimi nitakwenda kinyume na ninyi. Wanangu wamekulia Hispania. Kipindi kile kilikuwa hewani muda ambao sheria inawalinda watoto, wametoka shule, wanakula mkate na chokoleti, na kwenye kioo mtu anaulizwa nani alilala na nani. Wasimamizi wa televisheni wa pale, CNMC, waliwabana kwa hilo. Wakafanya nini? Wakakigawa vipande viwili, cha saa kumi wakakiita Limón, cha saa kumi na moja wakakiita Naranja, eti kimoja cha wakubwa kidogo na kingine cha familia. Watu wale wale, kelele zile zile. Walikuwa wanauza machozi ya watu kwa bei ya matangazo, na sisi tuliowatazama ndio tuliokuwa bidhaa.

MAMA ZARAGOZA
Nahodha, rimoti ilikuwa mkononi mwa nani?

NAHODHA
Ilikuwa mkononi mwa jirani aliyetukalia na watoto, kwa sababu mimi na mke wangu tulikuwa kazini mpaka usiku. Usinijibu kama vile sisi sote tulikuwa na nafasi ya kukaa sebuleni, mama.

MAMA ZARAGOZA
Kukaa sebuleni kwenyewe ndiko kulikokuwa kazi yangu. Hebu tuheshimiane.

MTU WA TRIANA
Ndugu zangu, msichanganye mambo. Mkitaka kusikia kipindi cha Telecinco kilichoangushwa na wananchi, hicho si Sálvame, ni La Noria, cha Jordi González, Jumamosi usiku. Mimi nilikuwa Sevilla mwaka 2009 alipopotea binti Marta del Castillo. Kama hukuwa Sevilla huwezi kuelewa. Picha yake ilikuwa kila duka, kila kituo cha basi. Wapiga mbizi waliingia mto Guadalquivir, baadaye wakahamia jalalani, na mwili haukupatikana mpaka leo. Mwenye nyumba wangu hakumfahamu hata ndugu mmoja wa ile familia, lakini alishuka barabarani kuandamana na mimi nikaenda naye.

Sasa Oktoba 2011 La Noria wanamleta mama wa kijana mmoja aliyetiwa hatiani katika kesi hiyo kwa kuficha ushahidi, wanamkalisha kwenye kiti, na wanamlipa. Wanamlipa! Baa niliyokuwa naosha vyombo watu waliacha glasi mezani, wengine walisimama wakatoka nje. Mwandishi mmoja, Pablo Herreros, akaandika kwenye blogu yake akizitaka kampuni zinazotangaza biashara humo zijiondoe. Ikaanza moja, ikaja ya pili, Campofrío, Puleva, Bayer, mpaka ikafika kipindi kinakwenda hewani hakina tangazo hata moja. Mwaka 2012 kikafa. Halafu Telecinco wakamshitaki Herreros! Watu wakapiga kelele upya, kampuni zikaanza kuguna upya, mashitaka yakaondolewa. Hiyo ndiyo nguvu ya mlaji.

NAHODHA
Asante sana kaka wa Triana. Ndiyo hoja yangu yote.

MKAAZI WA USERA
Kaka, kisa chako kizito na nakuheshimu. Lakini ya La Noria kulikuwa na binti aliyeuawa na wazazi wasio na hata kaburi la kwenda. Sálvame wengi wa wale waliosemwa walijileta wenyewe, na walilipwa, na wakigombana leo kesho wanarudi.

NAHODHA
Wengi, si wote. Na ile kesi ya polisi aliyechunguzwa kwa madai ya kuwavujishia watu wa kipindi taarifa za watu maarufu, nayo waliosemwa walijileta wenyewe?

MAMA ZARAGOZA
Kwa kuwa mmeyagusa machozi ya watu, niacheni niseme. Sijawahi kuliandika hili popote.

Nilikuwa nalala humo humo, mtaa wa Delicias, Zaragoza, na bibi mmoja mjane aliyekuwa ameshapita miaka themanini na tano. Ile meza yao ya duara yenye kitambaa kirefu na kipasha joto chini, tunaingiza miguu sote wawili, yeye anachambua dengu, mimi namfumia sweta ya mjukuu wake aliyochoka kuifuma, Sálvame inakwenda. Alikuwa na watu wake. Mila Ximénez, mmoja wa wachangiaji wa kipindi, alimpenda mno, alisema yule ana ulimi wa dada yake. Wakati wa ugonjwa, 2020, tulipofungiwa ndani, watoto wake wakawa wanampigia simu tu, studio nayo haina watazamaji, na bado saa kumi ikifika ananiambia, "Njoo, wamekuja." Wamekuja. Kama wageni.

Machi 2021 usiku wa Jumapili ikaonyeshwa ile filamu ya Rocío Carrasco, binti wa mwimbaji Rocío Jurado, akisimulia mateso anayosema aliyapata kwenye ndoa yake. Bibi siku zote alikuwa upande wa mume. Alikuwa anasema mama gani huyu, watoto wake hata haonani nao. Kesho yake Sálvame mchana mzima ni hilo tu. Bibi akanyamaza. Dengu zikabaki mkononi. Akaniambia nizime sauti, nisizime picha. Halafu akasema, bila kunitazama, "Na mimi pia."

Mumewe alikuwa mtu wa reli. Alimpiga kwa mkanda tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikwenda kwa padri, padri akamrudisha nyumbani akamwombee mumewe. Zama za Franco hizo, mke hafungui akaunti benki bila ruhusa ya mume, sheria hiyo ilifutwa 1975, na talaka ilikuja 1981, yeye ana watoto wakubwa na hana senti yake. Akanipa mkono wa kulia. Kidole cha nne kilikuwa hakinyooki, kila jioni nilikipaka dawa, watoto wake waliniambia ni baridi yabisi. Akaniambia kilivunjwa na mlango wa jikoni, na mlango ulishikwa na mtu.

Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mume, fremu ya fedha. Akaniomba niishushe. Nikaishusha, akaiweka mwenyewe kwenye droo ya mataulo, akanawa mikono.

Jumapili mwanawe akaja kula. Akaona ukuta una mraba mweupe. Hakumuuliza mama yake, aliniuliza mimi. Bibi akagonga sahani kwa kijiko, akasema, "Nimeitoa mimi." Yule bwana akaendelea kuniangalia mimi. Akasema nimemjaza mama yake uchafu wa televisheni, akachomoa waya akauzungusha mkononi, akaondoka nao. Mwisho wa mwezi nikaambiwa nitafute pengine. Siku zile zilizobaki tulikaa kwenye ile meza, kioo kimezimwa, na bibi ikifika saa kumi anakitazama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kazi.

BINTI WA LIKONI
Ya Rabi. Pole sana mama. Machozi yananitoka kazini hapa.

MKIMBIAJI
Pole shangazi. Ulifanya la utu.

SHEMEJI WA BILBAO
Mama Zaragoza, ungemweleza huyo kijana ukweli wote pale pale mezani! Watoto wana haki ya kujua baba yao alikuwa nani.

MKAAZI WA USERA
Hapana shemeji. Lile ni neno la bibi, aliliweka kwake kama amana. Angetaka kulisema kwa mwanawe angelisema, mdomo alikuwa nao.

SHEMEJI WA BILBAO
Na akifa nalo?

BINTI WA LIKONI
Basi afe nalo, lake. Mimi nasema angepiga 016, ile namba ya wanawake wanaopigwa. Wanasikiliza lugha nyingi, na namba haijitokezi kwenye bili.

NAHODHA
Kumpigia marehemu polisi, dada? Mume ameshakufa.

BINTI WA LIKONI
Hata wa zamani wanasikilizwa. Si lazima akamatwe mtu. Mtu anataka kusema tu na asikike.

NAHODHA
Mama Zaragoza, nakuomba radhi kwa maneno yangu ya juu. Lakini msimamo wangu kuhusu kipindi sijauacha. Ile filamu ilitengenezwa na kampuni ile ile iliyotengeneza Sálvame, La Fábrica de la Tele. Yule aliyekuwa mume wa Rocío alikuwa mchangiaji wao wa kulipwa miaka mingi, wakamwonyesha, wakampa kiti, halafu ilipowafaa wakamfukuza. Yeye anakanusha, na mahakama ilikuwa imeshaifunga kesi. Je, televisheni ndiyo mahali pa kuhukumu?

MAMA ZARAGOZA
Sijui ya mahakama, mwanangu. Najua bibi yangu alikaa na kidole kile zaidi ya miaka sitini na hakuna hakimu aliyemuuliza.

MTU WA TRIANA
Hapo sina la kuongeza.

MKAAZI WA USERA
Ndugu zangu turudi kidogo kwenye mada, wengine hawajasema. Kuna aliyekuwepo Madrid mwisho wake?

FUENCARRAL USIKU
Mimi nipo. Nilikwenda kukaa studio kama mtazamaji, wakala anawakusanya watu kwa basi, mnapewa mkate na kinywaji, mnaambiwa lini mpige makofi. Kilichonishangaza ni udogo wa pale. Kwenye kioo panaonekana uwanja, kumbe viti vyao viko karibu hivi, wakitulia matangazo yakiwa hewani wanaulizana habari za watoto. Lydia Lozano, yule wanayemliza kila wiki, alikuwa anatupungia mkono sisi wa nyuma.

Kuhusu kufa kwake, wananchi hawakukiua. Kwanza watazamaji walihama. Kituo shindani, Antena 3, walikuwa na tamthilia ya Kituruki, Tierra amarga, mchana ule ule, na tangu 2020 wakawa na Pasapalabra, shindano la maneno, jioni. Mnajua wenyewe tamthilia ya Kituruki ikimshika mama yako haachi. Halafu Paolo Vasile, aliyeilea Telecinco miaka yote ile, akaondoka mwisho wa 2022. Wakubwa wapya wakataka sura nyingine, wakaja na orodha ya watu wasiotajwa hewani, na siasa hakuna. Mwambie mpika pilau aache viungo. Jorge Javier aliyewahi kusema hadharani kwamba hiki ni kipindi cha wekundu, yaani watu wa mrengo wa kushoto, na mashoga, unamwambia anyamaze siasa? Mei 2023 ikatangazwa kwamba basi. Siku ya mwisho ikaangukia 23 Juni, tarehe ile ile aliyofariki Mila Ximénez miaka miwili nyuma kwa saratani ya mapafu.

MAMA ZARAGOZA
Siku Mila alipofariki bibi alinipigia simu. Alitumia simu ya jirani. Aliniuliza kama nimesikia.

SHEMEJI WA BILBAO
Mama, na haki zako ulilipwa? Mwisho wa mkataba kuna malipo yako, likizo usizochukua, kila kitu. Wengi wanaondoka na begi tu.

MAMA ZARAGOZA
Mkataba gani shemeji. Sikuwa na makaratasi.

SHEMEJI WA BILBAO
Hata bila makaratasi kazi ni kazi, ungeweza kudai. Nenda chama cha wafanyakazi, usiende kwa wale mawakili wa mtaani.

BINTI WA LIKONI
Usimpeleke chamani, atazungushwa. Parokia nyingi zina Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, aanzie huko, mimi walinisaidia.

MTU WA TRIANA
Kwa wengine mlio ndani sasa hivi: jiandikisheni manispaa siku mnayofika, hata kama mwenye nyumba ananuna. Kanuni mpya ilianza Mei 2025, ule muda wa kuishi kabla ya kuomba makaratasi umeshuka kutoka miaka mitatu hadi miwili, na ushahidi wenu wa kwanza ni ile karatasi ya manispaa. Na wenye mkataba wa kazi za ndani, tangu Oktoba 2022 mwajiri lazima alipe na mchango wa bima ya ukosefu wa ajira. Ukiachishwa unaweza kuwa na haki ya kulipwa. Muulizeni tarehe aliyowaandikisha, na muione kwa macho.

MAMA ZARAGOZA
Asante kaka. Hiyo karatasi ya manispaa, bibi ndiye aliyeniandikisha, kwa siri ya watoto wake. Ninayo bado.