Bakapu ya Clonezilla naigeuzaje iwe diski ya VirtualBox?

pembejeo_uyole:
Wakuu poleni na baridi. Nina duka la pembejeo Uyole, kompyuta ya mezani yenye programu ya madeni ya wakulima (Windows 7 ya kale) imepigwa na radi, maza bodi kwisha na hadi diski haisomi. Fundi alishaniwekea bakapu kwenye eksteno mwezi wa tisa kwa Clonezilla, ile programu ya kunakili diski. Nimechukua laptopu mpya nikaweka VirtualBox (ile ya kuendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta), ila folda ya bakapu ina vifaili vya ajabu sda1.ntfs-ptcl-img.gz.aa, .ab, haivitambui. Mvua zimeanza watu wanakuja kukopa mbolea na sijui nani alilipa nani bado 😩

Kijana wa Mafinga:
Tumia Disk2vhd mkuu, bure, klik moja tu inatoa VHDX, faili la diski ya kuigiza

fundi_mwanjelwa:
Mafinga, hiyo inataka Windows iwe hai inawaka, hapa mgonjwa ameshazikwa.

Mkuu wa Uyole, hizo sio picha ya diski nzima mbichi (raw), ni partishen, yaani vigawanyo vya diski, zimebanwa. Ingekuwa faili moja la .img ungemaliza na VBoxManage convertfromraw duka.img duka.vdi basi. Hiyo yako haigeuzwi, inarudishwa. Tengeneza mashine mpya ya Windows 7, mpe diski tupu isiyopungua ile ya zamani, hata kama data ilikuwa GB 40 tu Clonezilla itakataa diski ndogo. Ukubwa upo kwenye faili la sda-pt.parted. Usiogope kuandika kubwa, ukichagua ya kukua yenyewe inakula nafasi ya data tu. Halafu iwashe kwa ISO (faili la kuwashia) ya Clonezilla, chomeka eksteno, chagua restoredisk, ndio kurudisha diski nzima. Ikileta skrini ya bluu 0x0000007B kwenye mipangilio ya mashine hamisha diski kutoka SATA kwenda IDE (aina za viunganishi vya diski), ndio ugonjwa wa hizi mashine za zamani.

Na kwenye eksteno usifute wala kuandika chochote, ndio nakala pekee uliyobaki nayo.

pembejeo_uyole:
Nimeona 625142448s, hiyo ni ngapi?

fundi_mwanjelwa:
Hiyo s ni sekta, kila moja baiti 512. Zidisha kwa 512, ni ile ya GB 320. Weka 320 hiyo hiyo.

pembejeo_uyole:
Ndaga fijo kaka!! Bluu ilikuja kweli, nikaweka IDE ikawaka, hadi picha ya mwanangu kwenye desktopu ipo. Madeni yote yapo mpaka mwezi wa tisa, ya baada ya hapo natoa kwenye daftari. Sasa printa ya risiti ndio haionekani kabisa humo ndani, naanzia wapi?