Nyie mnaouza magari kwa kadi zenye majina ya watu wengine, acheni kutusafirisha bure sisi wa mikoani

Wakuu, nina hasira na uzi huu ni mrefu. Asiyetaka kusoma apite kimya kimya.

Kuna mchezo umeshazoeleka huko Dar. Mtu anatangaza gari: "yangu binafsi, mtumiaji mdada, AC inaua, injini haijaguswa, haina mbambamba, bei maelewano." Picha kali, gari imeoshwa mpaka matairi yanang'aa. Ukimpigia anaongea kistaarabu. Kumbe gari si yake. Sisemi kaiba, ila kwa karatasi si yake. Kadi ya usajili wa gari ina jina la mtu aliyemuuzia mtu aliyemuuzia yeye, na katikati hapo hakuna aliyehangaika kwenda TRA kubadilisha umiliki. Kwenye simu hakwambii. Anasubiri upande basi Mbeya, upite Kitonga na Mikumi macho mekundu, ushuke Mbezi miguu imevimba, ndipo aitoe kadi kwenye bahasha huku anaangalia pembeni.

Anajua hali yako muda huo. Nauli umeshatoa, kazini umeshaomba ruhusa, mke nyumbani anauliza ni rangi gani. Kutoka huku hadi huko ni zaidi ya kilomita 800, nani anataka kurudi mikono mitupu? Ndiyo mtaji wao huo: uchovu wako.

Gari niliyoifuata mimi ilikuwa Toyota IST, cc 1290, namba D (herufi za namba ya usajili zinaanza na D), bei milioni 11 na nusu. Kabla sijatoka Uyole, huku Mbeya, nilimuuliza muuzaji kwa maandishi, na ninayo hapa kwenye simu: "Kaka, kadi ina jina lako?" Akajibu: "Ondoa shaka kaka, mimi si dalali, gari naiuza mwenyewe." Nikaomba picha ya kadi pamoja na kitambulisho chake. Akatuma. Namba ya gari ile ile, jina ni lake, linafanana na la kitambulisho. Nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini, hakuna deni. Nikaangalia bima kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, ipo hai. Akaanza kunisukuma nitume milioni moja "ya kuishikilia gari", maana eti kuna mtu wa Dodoma yuko njiani na keshi. (Huyo mtu wa Dodoma sijui lini atafika. Kila anayenunua gari nchi hii kashaambiwa yuko njiani.) Nikamwambia hela nitaitoa benki mbele yake, siku hiyo hiyo ya kusaini, si kabla. Akanuna, akakubali.

Nimefika Mbezi, simu inaita mpaka inakata. Nikakaa stendi na begi langu pamoja na fundi ninayemwamini, kijana wa Igawilo mwenye gereji yake Tegeta. Saa sita mchana ndiyo ujumbe unaingia: "Samahani nilikuwa kikaoni." Akatuelekeza nje ya baa moja Kinondoni. Si kwake, si ofisini kwake.

Fundi hakusalimia vizuri, aliweka kiganja juu ya boneti kwanza. Ya moto. Tulishasema kwenye simu kwamba tunataka gari iliyolala, injini ya baridi, kwa sababu injini iliyochoka inajificha ikishapata moto: moshi wa asubuhi unakuwa umeshaisha, kelele za mnyororo zimetulia. Tukaagiza soda, tukakaa tusubiri ipoe. Jamaa anaangalia saa kila dakika kama sisi ndio tuliomchelewesha.

Ilipopoa, fundi akazungusha ufunguo bila kuwasha injini. Hapo, kwa msiojua, taa zote za tahadhari kwenye dashibodi zinatakiwa ziwake kwanza: betri, oil, ABS, mikanda, na ile ya injini. Zikawaka zote isipokuwa ya injini. Akazima, akazungusha tena. Pale inapokaa ile taa pako giza. Akamwangalia jamaa, akamuuliza kwa upole kabisa, "Boss, balbu ya hapa nani kaichomoa?" Jamaa: "Mi sijui mambo ya ufundi." Tukachomeka mashine ya kupimia, ikatema makosa, injini inamisi silinda ya tatu. Ilivyowashwa ikatoa moshi wa bluu, maana yake inakula oil. Kilomita zinasomeka 78,000, lakini mpira wa pedali ya breki umelika upande mmoja mpaka chuma inaonekana. Kilomita 78,000 gani za kumaliza pedali?

Sikiliza lakini, hayo yote ningeyavumilia. Gari ya mkono wa pili ina yake, unashusha bei, unapeleka gereji, maisha yanaendelea. Nikasema haya, tuone kadi.

Kadi halisi ina jina la mtu mwingine. La kwanza mpaka la mwisho. Ile picha aliyonitumia alikuwa ameichezea kwenye simu, kabandika jina lake juu ya jina la mwenye gari. Nikamwonyesha picha, nikamwonyesha kadi. Unajua alisema nini? "Kwani wewe unanunua kadi au unanunua gari?"

Nanunua vyote viwili, bwana mkubwa! Gari bila kadi ni chuma chenye matairi.

Akaanza kutoa makaratasi. Mkataba wa kwanza, wa mwenye kadi na mtu wa kati, una muhuri wa wakili. Wa pili, wa mtu wa kati na yeye, umeandikwa kwenye karatasi ya daftari, hauna wakili, shahidi kasaini jina moja tu. Mwenye kadi "yuko Canada". Mtu wa kati "simu yake haipatikani siku hizi". Nilipomwambia basi tufute, akanitukania kabila na kuniambia nirudi Mbeya nikanunue bajaji.

Kuna wanaosema hilo la kadi ni jambo dogo, nusu ya magari ya Dar yanatembea hivyo. Sawa, tembea nayo wewe. Mwenye jina kwenye kadi ndiye TRA wanayemtambua, na bila yeye au mlolongo kamili wa mikataba huwezi kubadilisha umiliki. Akifariki, gari inaingia kwenye hesabu ya mirathi na watoto wake wanakutafuta. Akiwa na shida ya hela, anaweza kwenda polisi kutoa taarifa kwamba kadi imepotea, akapata nyingine, akaiweka rehani kwa wakopeshaji. Jamaa yangu wa Mafinga, mfanyabiashara wa mbao, alinunua RAV4 kwa mtindo huu huu. Alikuwa na kadi mkononi na mkataba kwenye droo. Siku moja wakaja vijana wa kampuni ya mikopo wakiwa na kadi mpya kuliko yake na mkataba wa mkopo ambao hakuwahi kuusikia. Gari ilipelekwa polisi, kesi ikaanza, na yeye akarudi kupakia mbao kwenye gari za kukodi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi kwamba asiye na umiliki hawezi kukupa umiliki. Aliyekuuzia hewa amekuuzia hewa, hata ukisaini mbele ya mawakili kumi.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kubadilisha umiliki si mlima. Ada ya uhamisho wa gari ni shilingi 50,000, juu yake ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, na kadi mpya 10,000. Kwa gari ya milioni 11 unazungumzia chini ya laki mbili. Mtu anaweka rimu za laki sita, anaweka redio, halafu laki mbili za kuifanya gari iwe yake kisheria hana!

Sasa nasema na nyie wauzaji. Unauza gari kwa mtu wa Njombe, Songea au Sumbawanga? Piga simu ya video, shika kadi mbele ya kamera na kitambulisho chako pembeni, sogea kwenye gari uonyeshe namba ya chasisi ilivyogongwa kwenye bodi, ilingane na ya kwenye kadi. Dakika tano tu. Picha siziamini tena. Akaunti ya benki iwe ya jina lile lile la kwenye kadi, si ya shemeji. Mkataba tusaini kwa wakili ambaye mnunuzi kamchagua, namba ya mlipakodi (TIN) ya kila mmoja imeandikwa, na hela iingie pale pale benki. Ukiona mnunuzi kaja na fundi usinune, hajakutukana.

Na wanunuzi wenzangu mnaotuma dereva akawaletee gari, chukueni picha za kila tairi, betri, redio, jeki na spea tairi kabla haijaondoka. Nimeona gari inafika Makambako na betri ambayo haikuwa kwenye picha.

NAONGEZEA, maana maswali yamekuwa mengi:

Anayesema "agiza Japani upumzike": IST ni ya miaka ya 2000 mkuu, na gari iliyozidi miaka 10 inapigwa ushuru wa uchakavu asilimia 30 juu ya mengine yote. Piga hesabu kwanza.

Anayesema nunua yadi: yadi nako nimeona mengi, ila uzi huu ni wa hawa wanaojiita "mwenye gari".

Anayeuliza polisi naendea nini wakati hela sijaibiwa: kughushi ni kosa lenyewe hata kama shilingi haijatoka, na kujipatia fedha kwa udanganyifu kuko kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Picha ya kadi aliyoichezea na meseji zake ninazo zote. Taarifa nimeshaandikisha. Jina lake siweki hapa, msinisumbue kwa ujumbe.

Aliyeandika kwamba watu wa Mbeya wabishi: ndiyo, tena sana.

Gari bado natafuta. IST au Vitz, namba D au E, bajeti haizidi milioni 12, mwenye jina kwenye kadi awe hai, awe nchini na aje kusaini mwenyewe. Ikiwa Iringa, Mbeya au Songwe ni bora zaidi, tukutane hata Mwanjelwa tumalizane mchana kweupe. Madalali msinijibu.