Kubadilishana postikadi za dakrumu: mnatuma tupu au ndani ya bahasha?

beseni_tatu (Dar)
Wakuu habari za humu. Mimi kwenye mambo ya dakrumu, yaani kuchapa picha za filamu kwenye chumba cha giza, bado mchanga, mwaka na nusu tu tangu ninunue enlaja (mashine ya kukuza picha) kuukuu kwa mzee mmoja aliyefunga studio yake, maana siku hizi paspoti saizi zinatoka kwenye printa dakika mbili. Sasa nimeingia kwenye kikundi cha kubadilishana postikadi, tuko 12, kila mtu anachagua negativu moja ya filamu anaichapa mara 11 kwa mkono, anaandika anuani, anabandika stempu anawatumia wenzake, halafu anakaa kusubiri zake 11. Ndo mara yangu ya kwanza. Picha yangu ni ya wavuvi wanavuta ngalawa pale Kunduchi.

Shida zangu sasa. Karatasi niliyonayo ni ile ya plastiki, inayong'aa, nyuma nyeupe tupu, biki haishiki kabisa, nikipitisha kidole wino wote unahama. Halafu picha zenyewe hazifanani, ya kwanza nzuri ya sita imekuwa nyeusi na muda wa taa ni ule ule sekunde 12, bafuni kwangu ni joto balaa. Na la mwisho, kuna mwenzetu anasema kutia kwenye bahasha ni kuharibu mchezo, kadi lazima iende tupu. Nimekesha siku mbili kuchapa hizi kitu jamani, zikifika zimechubuka nitalia. Mnafanyaje?

mama_negativu
Kaka hilo la kutofanana ni joto tu, enlaja yako haina kosa. Pima maji ya bomba hapo Dar sasa hivi uone kama hayafiki nyuzi 30, na divelopa, ile dawa ya kutoa picha, inataka 20. Kwenye 20 ile karatasi inaiva kwa dakika moja, sasa ikiwa kwenye 30 inaruka mpaka nyeusi kabla hujajua, wewe unaiona imeiva unaitoa mapema, nyingine unachelewa, ndo maana kila moja na rangi yake. Weka barafu kwenye mfuko wa plastiki, FUNGA VIZURI, uache uelee kwenye beseni la divelopa, usitumbukize barafu yenyewe dawa itachuja. Mi naweka beseni la dawa ndani ya beseni kubwa la kufulia lenye maji ya barafu na napima kila baada ya kadi tatu. Ukichanganya dawa nyepesi zaidi, dawa 1 kwa maji 14 badala ya 1 kwa 9, inaenda taratibu kidogo unapata nafasi ya kupumua. Na usitoe kwa macho chini ya taa nyekundu, ile taa inadanganya, fuata saa.

Fiksa, dawa ya kuifanya picha isiharibike na mwanga, nusu dakika inatosha kama ni mpya, suuza dakika mbili maji yanayotembea, anika kwenye kamba ya nguo na vibanio. Usiloweke masaa kama maharage, maji yanaingia pembeni kwenye kingo.

likoni_feri
Salaam. Mwenzio alosema tupu kasema kweli. Postikadi ikitiwa kwenye bahasha si postikadi tena, ni picha tu imesafiri. Muhuri wa posta uliogongwa juu ya stempu, kona ilokunjika kidogo, alama ya kidole cha mtu usomjua, hivyo vyote ndio kadi yenyewe. Wazee walikuwa wakifanya hivi hivi, Kodak walitoa kamera mwaka 1903 ile 3A, negativu yake ni saizi ya postikadi kabisa, unalaza juu ya karatasi unapiga mwanga, huhitaji enlaja wala nini. Na hapo Unguja wapiga picha akina Gomes na Coutinho walikuwa wakiuza kadi za picha za mji tangu hizo zama, mpaka leo watu wanazitafuta, na zinazotafutwa sana ni zile zenye maandishi na muhuri, si zile safi zilokaa kabatini.

Biki achana nayo. Nunua maka pen ile isofutika, ncha nyembamba, andika kisha ziache robo saa usizipange moja juu ya nyingine. Na stempu zetu hizi za kulamba hazishiki kwenye plastiki wallahi, paka gundi kidogo, mimi mbili zilifika kwa wenyewe hazina stempu.

baridi_hamburg
Mimi napinga kidogo ndugu zangu. Huku barua zinapita kwenye mashine, ile mikanda na magurudumu, na karatasi inayong'aa inaonyesha kila mchubuko. Mzunguko uliopita nilipokea kadi moja ya uso wa bibi fulani, picha nzuri sana, ina mistari mitatu kuanzia paji la uso mpaka kidevuni kama kapigwa na paka. Aliyeituma nilimwambia imefika salama, ningesema nini.

Kama lazima tupu basi tumia karatasi ya pearl, haing'ai sana na inaficha michubuko. Ilford, wale watengeneza karatasi za picha, wana boksi la postikadi kabisa, sentimita 10 kwa 15, nyuma imeshachapwa mistari ya anuani. Ile ya faiba nzito, isiyo na plastiki, ni tamu kuliko zote na penseli inaandika vizuri, ila inajikunja kama chapati, uilaze chini ya vitabu siku nzima.

likoni_feri
Bibi alopigwa na paka unamkumbuka mpaka leo. Zile zilokuja kwenye bahasha unazikumbuka?

baridi_hamburg
😂 umenishika hapo

mwarobaini
Niongeze la kwangu. Mimi niliagiza boksi la karatasi kutoka nje, njiani mtu akalifungua akachungulia mpaka ndani ya mfuko mweusi, nadhani alitafuta vitu vya magendo. Kadi ya kwanza kwenye dawa nyeusi tii, ya pili nyeusi, boksi zima. Nilitaka kutupa, dada mmoja akaniambia usitupe, laza majani juu yake, bana na kioo weka juani. Nikaweka majani ya mwarobaini saa moja na nusu, bila divelopa kabisa, ikatoka rangi kama ya waridi na kahawia, ukitia fiksa inapauka kidogo lakini inabaki. Hakuna mbili zinazofanana. Kwa hiyo wenye karatasi zilizoungua na mwanga msizitupe, na mkiagiza andikeni juu ya boksi kwa maandishi makubwa kwamba usifungue, mwanga unaharibu.

beseni_tatu
Asanteni sana wakuu. Jana usiku nimerudia na barafu, kadi 11 zote sura moja, mke wangu anauliza barafu ya juisi imeenda wapi. Maka pen imekubali, stempu nimepaka gundi. Kumi nimezitia sandukuni tupu asubuhi hii. Ile ya Hamburg nimeiweka kwenye bahasha.

baridi_hamburg
Aah mkuu, itoe bwana