Naomba ushauri: Mzee anataka kuona makazi ya samurai, nimpeleke Aizuwakamatsu au Kakunodate?

Mgeni wa Sendai:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na kwa wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni Mtanzania ninayesoma Sendai, kaskazini-mashariki mwa Japani, na mwishoni mwa Aprili baba yangu atakuja kunitembelea. Mzee ni mwalimu wa historia aliyestaafu, na ombi lake ni moja tu: aone mahali ambapo samurai waliishi kweli, si duka la kupiga picha na panga za plastiki. Nilikuwa nimeamua kumpeleka Aizuwakamatsu kwa sababu ya ngome ya Tsuruga na vita vya 1868 kati ya samurai wa huko na jeshi la serikali mpya ya mfalme, lakini nimesoma kwamba ngome ile ni ya zege na ilijengwa upya mwaka 1965. Wengine wananiambia niachane nayo, nimpeleke Kakunodate, mkoani Akita, ambako nyumba za mbao bado zimesimama. Magoti yake hayapendi ngazi ndefu. Waliowahi kufika huko wananishauri nini?

Mkaazi wa Koriyama:
Ndugu yangu, ni kweli kwamba mnara mkuu wa ngome ni wa zege, lakini usiishie hapo. Mnara wa awali ulistahimili mizinga kwa takriban mwezi mzima mwaka 1868, ukabaki umesimama na matundu yake, kisha serikali mpya ikaubomoa mwaka 1874. Kuta za mawe na mahandaki unayoyaona leo ni ya zamani, na mzee akisimama chini ya kuta hizo ataelewa kwa nini jeshi la serikali halikuweza kuingia kwa nguvu. Ndani ya mnara kuna makumbusho na ngazi za kutosha. Kama magoti yanalalamika, mwache chini, umpeleke Rinkaku, nyumba ya chai iliyomo humo humo uwanjani. Ngome ilipobomolewa, nyumba hiyo ilihamishiwa kwenye makazi ya mtu binafsi mjini, ikarudishwa mahali pake mwaka 1990, na kwa hiyo, tofauti na mnara, ni kitu cha kale hasa. Ataketi, atapewa chai ya kijani ya unga, na atapumzika.

Kutoka Sendai mtapanda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Koriyama, kisha treni ya kawaida ya njia ya Ban'etsu Magharibi kwa zaidi ya saa moja. Mjini kuna mabasi mawili ya mzunguko, Haikara-san na Akabe, yanayozunguka kwa mielekeo inayopingana, na tiketi ya siku nzima inawatosha.

Bibi Msomaji:
Mwanangu, kwa mwalimu wa historia, mimi ningeanza na kilima cha Iimori kabla ya ngome. Hapo ndipo vijana wa Byakkotai, kikosi cha upande wa ngome, walioandikishwa wakiwa na miaka 16 na 17, walipofika baada ya kushindwa vitani, wakaona moshi juu ya mji, wakadhani ngome imeanguka, na wakajiua. Ngome ilikuwa bado haijaanguka. Mji uliokuwa ukiungua ulikuwa chini yake. Ukisimama pale walipokuwa, mnara unauona kwa mbali, mdogo sana kati ya mapaa, na hapo ndipo kosa lao linapoeleweka bila maelezo ya mtu yeyote. Kati ya 20 alinusurika mmoja, Iinuma Sadakichi, ambaye baadaye alifanya kazi ya simu za maandishi na akafariki hapo hapo Sendai mnakoishi, mwaka 1931.

Ngazi za kilima ni kali, lakini pembeni kuna mkanda wa umeme wa kulipia unaowapandisha watu, kwa hiyo usihofu. Mkiteremka, pitieni Sazaedo, hekalu la mbao la mwaka 1796 lenye njia mbili za mteremko zinazojizungusha kama parafujo: anayepanda hakutani kamwe na anayeshuka. Karibu na hapo maji baridi yanatoka kwenye pango la mfereji ambao vijana wale walipitia wakikimbia.

Mtafiti Mkavu:
Naongezea neno moja la tahadhari. Habari ya Byakkotai ilipambwa sana katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, ikatumika kuwafundisha vijana wa Japani kufa kwa ajili ya mfalme, ilhali wenyewe walikufa wakipigana na jeshi lililobeba bendera ya mfalme huyo huyo. Juu ya kilima kuna nguzo yenye tai iliyotumwa kutoka Roma mwaka 1928, enzi ya Mussolini. Usimpitishe mzee haraka mahali hapo. Mwalimu wa historia atakuwa na mengi ya kuuliza. Makazi ya Saigo Tanomo, mshauri mkuu wa bwana wa ngome ile, yamejengwa upya, yana vyumba 38, na yanaonyesha kwa sanamu namna wanawake na watoto 21 wa ukoo wake walivyokufa siku jeshi lilipoingia mjini. Mimi binafsi naona sanamu hizo zimezidi kiasi, ingawa jumba lenyewe linaeleza vizuri maisha ya afisa mkubwa yalivyokuwa.

Mpita Njia wa Akita:
Wote mmesema kweli, lakini swali lilikuwa makazi ambamo samurai waliishi, na kwa hilo Kakunodate haina mpinzani katika eneo hili. Nyumba ya Ishiguro ingali inakaliwa na wazao wa ukoo huo, na sehemu yake imefunguliwa kwa wageni. Tazameni juu ya kizigeu cha chumba, pana kasa waliotobolewa kwenye ubao, na mwanga ukiingia vivuli vyao vinaonekana ukutani. Barabara ni pana na tambarare, magoti ya mzee yatashukuru.

Tena miji hii miwili ina uhusiano. Mwaka 1589 Date Masamune, aliyekuja kuijenga Sendai, alimfukuza bwana wa ukoo wa Ashina kutoka Aizu, yaani eneo la Aizuwakamatsu. Bwana huyo huyo ndiye aliyeipanga Kakunodate mwaka 1620.

Mgeni wa Sendai:
Nawashukuru sana. Hilo la Ashina limenimalizia ubishi: tutaanza Aizu, tulale kwenye chemchemi za maji ya moto za Higashiyama, turudi Sendai tupumzike, kisha twende Kakunodate kwa siku moja. Je, tiketi ya Kakunodate ninunue mapema?

Mpita Njia wa Akita:
Nunua mapema, ndugu. Treni ya Komachi kutoka Sendai haina viti visivyowekewa nafasi, na mwishoni mwa Aprili maua ya cheri yanayoning'inia ya Kakunodate hukutana na likizo ndefu ya Wajapani inayoanza tarehe 29. Chagua siku ya katikati ya wiki kabla ya tarehe hiyo, na mfike asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajaanza kushusha watu.