Ushauri: Nimeacha gemu, sasa saa tano za kila usiku sijui nizifanyie nini

Ndugu wanajamvi, habari za jioni.

Ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini kwangu limekuwa zito kuliko nilivyotarajia. Nina umri wa miaka 31, ninaishi Tabata, Dar es Salaam, nina mke na binti wa miaka mitano, na ninafanya kazi ya kutunza stoo. Nilianza kucheza gemu nikiwa kidato cha pili, nikilipia mechi moja moja katika kibanda cha mtaani kwetu, na tangu hapo hadi mwaka huu sikumbuki wiki iliyopita bila kucheza. Nilipoanza kujitegemea nilinunua mashine yangu mwenyewe, na utaratibu wangu ukawa mmoja: ninarudi nyumbani saa moja jioni, ninaoga, ninakula, na saa mbili usiku ninakaa mbele ya televisheni hadi saa saba. Mwisho wa wiki nilikuwa ninaisikia adhana ya alfajiri nikiwa bado sijalala.

Kilichonifanya niache si ugomvi wala ukosefu wa fedha. Siku moja binti yangu alikuwa akicheza mchezo wa baba na mama na watoto wa jirani, na alipopewa zamu ya kuwa baba alichukua kopo tupu la mafuta, akalishika kwa mikono miwili, akakaa akitazama ukuta bila kusema neno. Wenzake walipomwita hakugeuka, kwa kuwa ndivyo anavyomjua baba. Wiki hiyo hiyo niliiuza mashine pamoja na padi zake, na gemu zilizokuwa kwenye simu nikazifuta.

Leo ni wiki ya saba na sijarudi nyuma hata siku moja, kwa hiyo siombi ushauri wa namna ya kuacha. Shida yangu ni zile saa tano. Mtoto analala saa mbili na nusu, mke wangu anaamka saa kumi na moja alfajiri kwa hiyo naye hulala mapema, na mimi ninabaki sebuleni. Nimejaribu kusoma vitabu, lakini baada ya kutwa nzima ya kuhesabu mizigo ninajikuta nikirudia ukurasa mmoja mara nne. Nimejaribu kulala mapema, nikawa ninaamka saa tisa usiku macho makavu. Usiku mwingine ninaishika simu na kutazama video fupi fupi hadi saa sita, na hapo ninajiona kwamba sijaacha kitu chochote, nimehama chumba tu. Marafiki zangu karibu wote walikuwa wa kwenye gemu, na tangu niondoke hatuna la kuongea.

Kwa wale mliopitia hali hii, mlizifanyia nini saa hizo? Kipato changu ni cha kawaida, hivyo naomba mnizingatie katika gharama.

Mkimbiaji wa Ziwani:

Mleta mada, mimi niliacha miaka miwili iliyopita hapa Mwanza, na kosa ulilolifanya ndilo nililolifanya. Tunadhani gemu lilikuwa linajaza muda, kwa hiyo tunatafuta kitu chochote cha kujaza muda. Gemu lilikuwa linakupa mambo matatu kwa wakati mmoja: lilikupumzisha baada ya kazi, lilikukutanisha na watu, na lilikuonyesha kwamba unapanda, kwa sababu kila baada ya dakika chache kulikuwa na alama, hatua mpya au mpinzani uliyemshinda. Kitabu hakikupi alama, na ukiwa umechoka hakikupumzishi pia. Kitabu si kibaya, ila umekipa kazi ambayo si yake, nacho kikakushinda kwenye saa yako mbaya kuliko zote.

Binafsi nilihitaji zaidi lile la kupanda, nikalipata kwenye kukimbia. Nilianza kwa kilomita mbili, nikitembea nusu ya njia, na kila Jumapili nikaandika kwenye daftari umbali na dakika. Mwezi wa tatu nilikuwa ninapanda mwinuko wa Capri Point bila kusimama, na baadaye nikajiandikisha mbio za kilomita 21 za Kilimanjaro, zile zinazofanyika Moshi kila mwaka tangu 2003. Huko Dar es Salaam vikundi vya kukimbia asubuhi za Jumamosi na Jumapili viko mitaa mingi, na vingi havidai zaidi ya fulana na mchango mdogo. Faida nyingine ambayo sikuitegemea ni kwamba anayeamka saa kumi na moja kukimbia hana usiku wa kuujaza, kwa kuwa saa nne anasinzia mwenyewe.

Mtafutaji:

Kaka, saa tano kwa usiku ni saa 25 kwa siku tano za kazi, na huo ni muda wa mtu kujifunza ufundi kamili. VETA wana kozi fupi, na pale Chang'ombe ni mwendo wa daladala kutoka kwako. Ulizia kama kuna darasa la jioni la umeme wa majumbani au uchomeleaji, umalize, kisha Jumamosi uanze kuingiza kipato cha pili. Ulipoteza miaka zaidi ya kumi na tano, usipoteze mingine.

Mama Wawili:

Naheshimu mchango wa ndugu Mtafutaji, na ufundi ni jambo jema, lakini naona tunamkimbiza mwenzetu. Mtu anayetoka kazini saa moja jioni akiwa amechoka hahitaji kazi ya pili kabla hajajua kupumzika. Mimi ni muuguzi, na ninaona watu wengi wanaoacha jambo moja kwa nguvu wanajipangia ratiba ya kijeshi, na ratiba ikivunjika siku ya tatu wanarudi walikotoka wakiwa na aibu juu yake.

Kwanza kuhusu usingizi: kuamka saa tisa usiku kwa mtu aliyezoea kulala saa saba si ajabu, kwa kuwa mwili umeshazoea usingizi mfupi. Usiipambanie saa ya kulala, ishike saa ya kuamka, iwe moja kila siku hata Jumapili, na simu ilale chumba kingine. Saa ya kulala itajirekebisha taratibu.

Pili, kwa ajili ya wengine watakaosoma uzi huu, Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu kama ugonjwa katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuyatanguliza gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata baada ya kuona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Wachezaji wengi hawafiki huko. Mleta mada ameacha mwenyewe na amedumu wiki saba, jambo la kumpongeza, lakini kama kuna anayejiona anashindwa kabisa, au aliyeacha akaona huzuni haimtoki, aende hospitali yenye kitengo cha afya ya akili bila kuona haya.

Tatu, umeandika kwamba mtoto analala saa mbili na nusu na wewe unafika saa moja. Hiyo ni saa moja na nusu ambayo hukuihesabu kabisa kwenye shida yako, wakati ndiyo iliyokufanya uache. Anzia hapo.

Mleta mada:

Mama Wawili, hoja yako ya tatu nimeisoma mara mbili na kumsomea mke wangu. Ni kweli sikuihesabu. Ndugu Mtafutaji, nakushukuru pia na kozi nitaifikiria mwakani, ila kwa sasa nahofia kwamba nikigeuza kila saa kuwa fedha nitakuwa nimeondoka tena nyumbani kwa njia nyingine.

Mzee wa Baraza:

Kijana wangu, mimi ni mstaafu ninayeishi Magomeni, na nimesoma kwa makini kwamba umepoteza marafiki pamoja na gemu. Hapo ndipo ninapotaka kuchangia, kwa sababu wachangiaji wamekupa mbio, kozi na usingizi, lakini watu hawajakupa.

Jifunze bao la kete. Najua vijana wanaliona mchezo wa wazee wasio na kazi, na ninalisema hili kwa mtu aliyezoea michezo yenye akili: katika maisha yangu sijaona mchezo unaoishughulisha akili kama huo kwa gharama ndogo namna hiyo. Lina mashimo 32 katika safu nne, kila mchezaji akimiliki safu mbili za mashimo manane manane, na kete zote ni 64. Mwanzoni kila mmoja anaweka kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa katika shimo liitwalo nyumba na zilizobaki katika mashimo mawili ya jirani, na 22 anabaki nazo mkononi akizinamua, yaani akiziingiza ubaoni, moja moja kila zamu inapomfikia. Ukila kete za mwenzako huzitoi nje ya mchezo kama katika michezo mingine. Unazisambaza upande wako kuanzia kichwa cha kushoto au cha kulia, kwa hiyo kilichokuwa silaha yake sasa ni silaha yako, na zamu ijayo anaweza kukirudisha. Kete za mkononi zikiisha, mnaingia hatua ya mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu, na hapo ndipo mafundi wanapotofautiana na wanaojifunza, maana zamu moja inaweza kuzunguka safu zako mbili mara kadhaa na fundi tayari anajua itaishia shimo gani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo gemu lako halikuwa nalo. Baraza letu hukaa baada ya Alasiri, na adhana ya Magharibi ikilia ubao unafunikwa, hata kama kuna mtu amebakiza kula mara moja ashinde. Hakuna anayebishana. Njoo Jumamosi au Jumapili kwenye baraza lolote la karibu nawe, salimia, kaa pembeni utazame siku mbili tatu kabla hujaomba nafasi. Utafungwa miezi kadhaa, na watakaokufunga watakuuliza habari za mwanao kwa jina.

Bustani Ndogo:

Nichangie kwa ufupi kuhusu ile saa moja na nusu ya mtoto. Tafuta viroba vitatu au vinne, weka udongo na samadi, mpande mchicha pamoja. Baada ya wiki tatu hadi nne mnachuma, na mtoto wa miaka mitano anaweza kumwagilia mwenyewe kila jioni ukifika. Mbegu zake ni za bei ndogo sana. Usianze na nyanya, zina magonjwa mengi na zitamkatisha tamaa.

Mleta mada (mrejesho):

Ndugu zangu, umepita mwezi na wiki moja, naleta mrejesho kama ilivyo ada.

Kukimbia nimeanza, ila ni Jumamosi tu, na bado sijavuka kilomita nne. Simu inalala jikoni, na saa ya kuamka nimeishika isipokuwa siku mbili. Mchicha tumechuma mara moja. Binti yangu aliuhesabu jani kwa jani na hakutaka upikwe hadi mama yake alipomwahidi kwamba utaota tena. Usiku mgumu bado upo, hasa Ijumaa, ambapo wenzangu wa zamani hunitumia ujumbe kuniuliza kama nimewasusa, na Ijumaa mbili kati ya hizo nilikaa na video hadi saa sita. Sitaki kuwaficha hilo.

Kubwa ni la bao. Mzee wa Baraza, nilikwenda baraza moja la huku kwetu, nikatazama Jumamosi mbili kama ulivyoniagiza. Jumapili iliyofuata nilitaka kufanya mazoezi nyumbani, na kwa kuwa sina ubao nilikata trei mbili za mayai nikapata mashimo 32, binti akanihesabia maharage 64. Nilikuwa nikinamua peke yangu nikichanganyikiwa, mke wangu akapita, akasimama, akaniambia, "Hapo huwezi kutakata wakati una pa kula," yaani siwezi kucheza bila kula wakati nafasi ya kula ipo. Nilimwuliza amejulia wapi. Kumbe babu yake huko Lindi alikuwa akicheza kila jioni, na yeye ndiye aliyekuwa akikaa miguuni pake akiokota kete zilizoanguka. Tumeoana miaka saba na sikuwahi kulijua hilo, wala sikumbuki kama niliwahi kumwuliza jioni zake za utotoni zilikuwaje.

Tangu siku hiyo, usiku tatu kwa wiki analala saa nne badala ya saa tatu, kwa hiari yake, na katika michezo kumi na moja nimeshinda mmoja. Juzi tulibishana, na tumekubaliana kukupelekea wewe, mzee wetu. Wakati wa kunamua nilikula, nikasambaza, na kete yangu ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yangu ikiwa bado na kete zaidi ya sita. Nikataka kusimama hapo. Yeye anasema nina hiari, kusimama au kusafiri, yaani kuzichukua kete za nyumba na kuendelea kusambaza. Jirani aliyekuwa akitazama anasema ni lazima nizichukue zote niendelee. Nani yuko sahihi?

Mzee wa Baraza:

Mkeo. Maadamu bado mnanamua na nyumba yako haijavunjwa, yaani kete zake hazijawahi kuchukuliwa, hiari ni yako. Ila kabla hujalaza nyumba, yaani kusimama hapo, mtazame yeye ana nini mbele yake, kwa sababu mtu aliyeokota kete za babu yake miaka yote hiyo ameshaiona zamu yake inayofuata. Msalimie sana, na Jumamosi njoo naye Magomeni. Bibi wa hapa naye amesoma habari zake na anataka kumjua.